Siku ya 17: Mwanga kichwani mwa panya



Juzi baada ya tarawehe, karibu na kituo cha mwendokasi Gerezani, mama mmoja jirani alinisimamisha. Mwanawe aliacha unga, akawa anakunywa methadoni kliniki. Barazani wakamwambia: Ramadhani hii achana na hicho kikombe, mwenye imani hatamani. Akaacha. Siku ya tatu arosto ikamshika, akarudi kijiweni. Mama ananiuliza, "Ustadhi, kwani mwanangu hana imani?"

Mimi shuleni nafundisha baiolojia, kwa hiyo jibu langu lilianzia kwa panya.

Seli za ubongo husemezana kwa kemikali. Mojawapo ni dopamini, inayohusika na kutamani na kufuata kitu. Zamani, kuipima ndani ya ubongo ulio hai mara nyingi kulimaanisha kuchukua majimaji kidogo kidogo na kusubiri dakika kadhaa, wakati tamaa huja kwa kufumba na kufumbua. Mwaka 2018 maabara mbili, ya Lin Tian huko California na ya Yulong Li huko Beijing, zilitoa njia nyingine. Walichukua protini ambayo kazi yake ya asili ni kuidaka dopamini, wakapachika ndani yake protini inayong'aa, ambayo asili yake ni konyeza, yule mnyama laini wa baharini anayewasha ngozi. Dopamini ikigusa, mwanga unaongezeka. Uzi mwembamba wa kioo, mfano wa faiba hizi za intaneti, unaupeleka mwanga huo kwenye kipimo huku panya anakimbia zake. Kwa binadamu hatufanyi hivyo, maana kitambuzi chenyewe huingizwa ubongoni kwa njia ya jeni.

Sasa sikilizeni hapa. Panya akipewa tone la maji matamu, mwanga unapanda. Mzoeshe kusikia mlio kabla ya tone, na baada ya siku kadhaa mwanga unapanda kwenye *mlio*, kabla hajaonja chochote. Mlio ukilia na maji yasije, mwanga unashuka chini ya kawaida. Yaani mwili unadai.

Wewe uliyefunga unajua vitumbua vinavyokufanya saa kumi na mbili kasoro, na hicho ni kitumbua tu. Heroini inazilegeza breki za seli za dopamini zenyewe (wauza spea wa Gerezani watanielewa). Aliyeitumia miaka, kile kijiwe, zile sura, ile harufu ya kokteli, yote ni mlio.

Nikamwambia, mama, nilichokiona hapo ni ugonjwa, na mgonjwa ana ruhusa yake katika Suratul Baqara. Methadoni hukaa mwilini zaidi ya siku nzima na kuzuia arosto. Muhimbili wanaitoa tangu 2011, mgonjwa anaimeza kila siku mbele ya mhudumu. Ukikatisha siku kadhaa, mwili unapoteza uzoefu, na kurudia kipimo cha zamani, cha dawa au cha unga, kunaweza kuua. Hapo waliomshauri barazani hawapo.

Kijana karudi kliniki, wamemwanzishia kipimo kidogo. Suala la kufunga atakaa nalo na daktari na sheikh pamoja. Tumembadilishia njia ya kwenda huko, asipite kijiweni. Anazunguka kidogo, lakini anafika.