Mafunzo niliyopata nikibadilisha breki za Subaru ya zamani

Impreza WRX ya miaka ya 1990, ile ambayo wapenzi wa Subaru huiita GC8, ina injini ya lita 2 yenye turbo. Yangu imezunguka Nairobi miaka mingi na bado inavuta vizuri sana. Breki ndizo zilizokuwa zimechoka, na gari hilo ndilo linalobeba watoto wangu. Kazi niliifanya mwenyewe uani, na haya ndiyo iliyonifunza.

1. Jua kwanza breki zinashindwa wapi

Kazi ya breki ni kugeuza mwendo kuwa joto. Gari likiwa kwenye kilomita 120 kwa saa lina nishati mara 2.25 ya lile lililo kwenye 80, na karibu yote huishia kwenye diski. Ukishuka Mai Mahiu kutoka Limuru, diski hazipati nafasi ya kupoa. Mimi nilikuwa sijafika kwenye kile kikanisa kilichojengwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano mwaka 1942, pedali ikaanza kuzama. Pedali ikilegea baada ya joto, oili ya breki imechemka na kuna mvuke ndani ya paipu. Ikibaki ngumu lakini gari halishikiki, pedi ndizo zilizozidiwa na joto. Hayo ni magonjwa mawili, na kila mmoja una dawa yake. Wengi hukimbilia kununua kalipa kubwa kabla ya kujua wanaugua upi.

2. Anza na oili

Ni ya bei nafuu kuliko vyote. DOT 4 mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini oili hii hunyonya unyevu wa hewa, na ikishalowa kiwango kinachokubalika hushuka hadi 155. Yangu ilitoka nyeusi kama kahawa. DOT 5.1 ni ndugu wa DOT 4 na zinaweza kuchanganywa. DOT 5 ni silikoni, usiiguse. Badilisha pia paipu za mpira ikiwa zimepasukapasuka. Mpira uliozeeka huvimba unapokanyaga, na nguvu ya mguu wako inapotelea humo.

3. Kalipa za Subaru yenyewe zinatosha

Gari langu lilikuwa na kalipa za pistoni mbili na diski za milimita 277. Impreza za turbo za baadaye zilipata kalipa za pistoni nne na diski za milimita 294, na hizo hufungwa kwenye matundu yaleyale bila kuchomelea chochote. Diski kubwa hukamatwa mbali zaidi na kitovu cha gurudumu, na ina chuma kingi cha kubeba joto. Ila rimu nyingi za inchi 15 hazitaingia. Tafuta za 16, uzijaribishe kabla ya kulipa.

Nilizipata za mtumba kutoka Japani, katika maduka ya spea ya Kirinyaga Road. Fungua vifuniko vya vumbi utazame pistoni: zenye kutu zitakwama. Na tafadhali, usikubali zioshwe kwa petroli. Petroli na grisi ya kawaida huvimbisha mipira ya ndani, na mipira hiyo ndiyo inayozuia oili isivuje. Tumia spiriti, kisha grisi maalumu ya mipira.

4. Jeki si ya kulalia

Gari likae kwenye stendi, mahali palipo sawa na pagumu. Hapa sina mjadala na mtu.

5. Nipeli ikae juu

Kalipa ya kulia ikifungwa kushoto itaingia vizuri kabisa, lakini nipeli ya kutolea hewa itaangalia chini. Hewa hukaa juu, kwa hiyo haitatoka hata ukikanyaga mpaka usiku. Kutoa hewa kunahitaji watu wawili. Mwanangu alikaa kwenye usukani, mimi nikachuchumaa na spana, bomba jembamba la plastiki limetumbukizwa ndani ya chupa yenye oili kidogo.

“Kanyaga.”

“Nimekanyaga, baba.”

“Shikilia hapohapo.” Nalegeza robo mzunguko, mapovu yanatoka, nakaza. “Achia.”

Hafai kuachia kabla sijakaza, la sivyo hewa itarudi ndani. Kopo la oili nalo lisikauke katikati ya kazi.

6. Tairi zina neno la mwisho

Kama ABS ilikuwa tayari inafanya kazi ukikanyaga kwa nguvu, basi tairi ndizo zilizofika mwisho, na kalipa kubwa hazitafupisha umbali wa kusimama mara moja. Faida yake utaiona mteremkoni, breki zinapotumika tena na tena. Wenye tairi kipara waanze na tairi.

7. Pedi mpya zizoeshwe

Tafuta barabara isiyo na watu. Kutoka kilomita 70 hivi, punguza kwa nguvu hadi 10 bila kusimama kabisa, kisha ongeza mwendo tena. Rudia mpaka usikie harufu ya pedi, halafu endesha polepole zipoe. Usisimame ukiwa umekanyaga breki wakati diski zina moto, kwa sababu pedi huacha alama na usukani utatetemeka baadaye. Ukirudi nyumbani, kaza tena nati za magurudumu kwa spana ya torki, kisha pitisha tochi kwenye kila kiungo cha paipu.