Mashini Inalia, Lakini Haisemi Ni Kitu Gani



Somo letu la mara hii linahusu mashini ya kutafuta chuma ardhini. Tumelichagua kwa sababu familia nyingi, kabla ya kukimbia vita, zilifukia vitu vyao: sufuria, majembe, kichwa cha cherehani, pengine pesa ndani ya kopo. Siku ya kurudi, nyumba imeungua, mti uliokuwa alama umekatwa, na hakuna anayekumbuka shimo liko wapi. Ndipo kijana mmoja anasema: «Baba, tuazime ile mashini ya watafuta dhahabu.» Kabla ya kumjibu kijana huyo, tuone kwanza jinsi wengine wanavyojifunza kuitumia.

Huko Uingereza wako watu wengi wanaotafuta vitu vya kale mashambani kwa kujifurahisha tu, siku za mapumziko. Anayeanza hufanya vizuri akifuatana na mtu mwenye uzoefu. Mwalimu mzuri hamkimbizi shambani. Anafukia nyuma ya nyumba yake vitu anavyovijua: msumari, sarafu, pete, kizibo cha chupa. Kisha anamwambia mwanafunzi apitishe mashini juu yake na asikilize.

Ndani ya ile sahani ya chini mna waya uliozungushwa mara nyingi. Umeme ukipita humo, nguvu ya sumaku inashuka ardhini. Ikikutana na chuma, shaba, fedha au dhahabu, umeme mdogo unaanza kuzunguka ndani ya kitu hicho, nacho kinarudisha nguvu yake. Mashini inaihisi na kulia. Haijui zaidi ya hapo.

Makosa ya mwanafunzi ni yaleyale kila mahali. Anapeperusha mashini juu kila mwisho wa mkono, kama mtu anayefyeka majani. Anatembea haraka. Anachimba kwa mlio wa kwanza. Mwalimu anamrudisha: sahani iwe karibu na udongo, iende sawa, na kila mpito ufunike sehemu ya mpito uliotangulia. Ukisikia mlio, geuka, upite tena kutoka upande mwingine. Mlio unaokatikakatika, au unaosikika upande mmoja tu, mara nyingi ni msumari wenye kutu. Kizibo cha chupa kinadanganya hata wazee wa kazi. Hata ardhi yenyewe inaweza kulia, hasa udongo wenye madini ya chuma na mawe ya volkano. Wasomaji wanaoyajua mawe meusi ya Goma wataelewa kwamba mashini hapo inaweza kupiga kelele bila kitu.

Kuna jambo lingine ambalo mwalimu hufundisha mapema, nasi tunaliona kuwa kubwa kuliko hayo yote: huingii shambani kwa mtu bila ruhusa yake, na mnapatana juu ya mgawanyo kabla ya kuchimba, afadhali kwa maandishi.

Mwezi wa Novemba 1992, katika kijiji cha Hoxne, mkulima Peter Whatling alipoteza nyundo shambani. Akamwomba rafiki yake Eric Lawes, aliyekuwa na mashini, amsaidie kuitafuta. Mashini ikalia. Lawes akachimba, akatoa vijiko vya madini ya fedha na sarafu za dhahabu, kisha akaona kwamba chini kuna vingi mno. Hapo akaacha. Hakuendelea kuchimba usiku kwa siri. Wakapasha habari polisi na wenye ardhi, na wataalamu wa mambo ya kale wakaja kufukua polepole. Walikuta sarafu karibu 15,000 na vito vya dhahabu, vyote vikiwa vimepangwa ndani ya sanduku la mbao. Lawes alilipwa pauni milioni 1.75, akagawana na Whatling. Nyundo nayo ilipatikana. Leo iko katika jumba la makumbusho la British Museum huko London.

Sanduku lile lilifukiwa mwanzoni mwa karne ya 5, wakati utawala wa Warumi ulipokuwa ukiondoka Uingereza. Bangili moja ina jina la mwanamke, Juliana. Hakuna ajuaye kwa hakika kwa nini walificha mali hiyo, ila tunajua hawakurudi kuichukua. Mama aliyefukia sufuria zake kabla ya kukimbia hatahitaji kufafanuliwa zaidi.

Sasa turudi kwa yule kijana. Lawes aliposikia mlio, hatari yake kubwa ilikuwa kuharibu vitu vya kale. Kwetu mlio huo unaweza kuwa sufuria ya mama, na unaweza kuwa bomu. Kongo ilijiunga mwaka 2002 na Mkataba wa Ottawa unaokataza mabomu ya kutegwa ardhini, lakini vita havikukoma. Mapigano ya Januari 2025 ndani ya Goma na kandokando yake yaliacha tena mabomu ambayo hayakulipuka, mahali ambapo watu wanaishi na watoto wanacheza.

Wateguaji wa mabomu nao hutumia mashini ya namna hii, lakini wanafundishwa kwa muda mrefu, wanavaa mavazi ya kujikinga, wanakwenda katika njia nyembamba waliyoipima, na kila mlio kwao ni bomu mpaka ithibitike kwamba sivyo. Tena mabomu mengine yametengenezwa kwa plastiki, na chuma ndani yake ni kidogo sana. Mashini ya dhahabu iliyoazimwa inaweza kuyapita kimya. Kwa hiyo mashini ikinyamaza, usiseme mahali hapo ni salama.

Basi kijana ajibiwe hapana, kwa upole, na apewe kazi nyingine. Akae na bibi yake wachore ramani ya kiwanja: mlango ulikuwa wapi, jiko wapi, hatua ngapi kufika kwenye shimo. Waulize majirani waliobaki kama askari walipiga kambi hapo. Wamweleze chifu, ili habari ifike kwa wateguaji wa mabomu, nao wangoje. Mtu akiona chuma asichokijua, asikiguse. Arudi kwa nyayo zake mwenyewe, awazuie watoto, aweke alama kwa mbali, atoe habari. Sufuria itangoja. Sanduku la Hoxne lilingoja karibu miaka 1,600.

Maswali ya kuzungumza pamoja: Katika kijiji chenu, nani anajua askari walikaa wapi? Kitu kikipatikana katika kiwanja ambacho sasa kinalimwa na familia nyingine, mtapatana namna gani, na mbele ya nani? Na vijana wanaookota vyuma vya kuuza, nani atazungumza nao wiki hii?