Je, kuzaa ni wajibu?

SWALI: Mimi na mke wangu tumeamua kutozaa. Wazee wanasema tunaudhulumu ukoo. Ni kweli? – Msomaji, Gwarama, Kigoma

JIBU: Hapana. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaitaja ndoa kuwa muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke, unaokusudiwa kudumu maisha yao yote. Watoto si sharti. Rais Magufuli alipowataka Watanzania wazae zaidi, akiwa Meatu mwaka 2018, ule ulikuwa wito, si amri. Kimaadili, hakuna dhuluma bila aliyedhulumiwa, na asiyekuwapo hadai kuzaliwa. Hata hivyo wazee wana hoja moja: nani atawatunza wao? Deni hilo mnalo, ila hulipwa kwa matunzo, au hata kwa kumsomesha mpwa. Wajibuni kwa heshima, kisha kwa vitendo.