Gari, Gitaa na Mto: Majibu kwa Bendi Changa ya Garsen

Vijana saba wa Garsen wamechanga pesa wakanunua matatu kuukuu ya abiria 14. Wana magitaa mawili, besi, kinanda, ngoma za kwao na mwimbaji ambaye nilimsikia mwenyewe pale Minjila, makondakta wakaacha kuita abiria wakamsikiliza. Wameniletea maswali kwa sababu nimepiga besi na kuendesha gari la bendi ya Malindi kwa zaidi ya miaka ishirini, na barabara yao naijua. Nawajibu wao, lakini yeyote mwenye gitaa na hamu ya kusafiri naye asome.

Mjomba, gari letu ni dogo na vyombo ni vingi. Tuanzie wapi?

Toeni viti vya nyuma. Nyinyi ni saba, na dereva ni mmoja wenu, kwa hiyo safu mbili za viti zinawatosha. Sehemu iliyobaki iwe ya vyombo. Spika nzito zikae chini, zisipandishwe kwenye keria. Mzigo wa juu hulivuta gari upande dereva anapokwepa ng'ombe, na njia ya kutoka Minjila kwenda Hola ina ng'ombe wengi kuliko magari. Jenereta ifungwe nyuma kabisa, tangi likiwa tupu. Petroli mtanunua mnakokwenda. Kisha nunueni turubai mbili nzuri. Vumbi la kiangazi huku ni laini kama unga, huingia kwenye mixa mpaka kila ukigusa kitufe sauti inakoroma. Sisi mixa yetu ya kwanza iliharibika hivyo, kwa msimu mmoja tu.

Halafu, kabla ya safari ya kwanza, nendeni NTSA, mamlaka ya usafiri, mkabadilishe matumizi ya gari, na bima pia. Bima ya matatu ni ya kubeba abiria wanaolipa nauli. Msingoje ajali ndiyo iwafundishe tofauti hiyo.

Tumepanga kuzunguka Novemba na Desemba. Ni msimu wa maembe, watu wana pesa, harusi ni nyingi. Mpango huu uko sawa?

Kuhusu pesa mmeona sawa. Maembe yakikomaa, malori hupanga foleni na hata kijiji kidogo hupata cha kualikia wapiga muziki. Ila Novemba ni vuli, na ukiwa Garsen vuli haisomwi kwa kutazama mawingu ya Garsen.

Sikilizeni jambo hili kwa makini, maana limevunja ziara nyingi. Tana ni mto mrefu kuliko yote Kenya, kilomita zipatazo 1,000, na maji yake hutoka Mlima Kenya na milima ya Nyandarua. Mvua ikinyesha Nyeri na Meru, nyinyi mnaota jua Garsen na gharika iko njiani inawajia. Katikati kuna mabwawa matano ya umeme: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Yakijaa, maji humwagika juu ya kingo, na kampuni ya umeme ya KenGen hutangaza kwamba watu wa Garissa na Tana River wahame kingoni mwa mto. Maji hayo huchukua siku kadhaa kufika kwenu. Siku hizo ndizo nafasi yenu. Mkisikia redioni kwamba Masinga imejaa, amueni siku hiyo hiyo mtakuwa upande gani wa mto.

Novemba 2023 maji yalikata barabara ya Garsen kwenda Lamu. Sisi tulikuwa upande wa Witu, tumemaliza harusi Alhamisi, na Jumamosi tulikuwa na kazi Malindi. Tulifika penye maji tukakuta mabasi yamezimwa, abiria wamekaa chini ya gari kutafuta kivuli. Tulirudi kwa wale wenye harusi, watu wanane na njaa yetu, na walitupokea kana kwamba sherehe haijaisha. Tulikaa siku nne. Jioni tulikuwa tukiwapigia bila spika, gitaa na matari tu, na sikuwahi kuipenda kazi hii kama nilivyoipenda jioni zile. Hata hivyo tulipoteza kazi mbili, na aliyetungoja Malindi hakutualika tena.

Kwa hiyo vuli na masika kaeni upande mmoja. Mna Minjila, Tarasaa, Ngao na Hola, huko kote hamlazimiki kuvuka mto. Witu, Kipini na Lamu wekeni Januari hadi Machi, kaskazi inapovuma na ardhi imekauka. Tena mkiacha lami, ulizeni wenyeji kuhusu udongo. Ule mweusi wa bonde la mto ukinyeshewa usiku mmoja hushika tairi kama ulimbo, na gari lenye spika haliinuliwi na watu saba.

Tutoze kiasi gani?

Siwezi kuwatajia bei ya mtu mwingine. Naweza kuwaonyesha namna ya kuipata yenu.

Garsen hadi Malindi ni kilomita zipatazo 110. Hola ni karibu 100. Gari la aina yenu likiwa na mzigo, tulifanya hesabu ya lita moja kwa kilomita tisa, basi kwenda Malindi na kurudi ni lita 25 hivi. Ongezeni petroli ya jenereta, chakula cha watu saba mara mbili, na pa kulala. Jumla hiyo si malipo yenu, ni gharama ya kufika tu. Vijana wengi huitaja hiyo kama ndiyo bei, wakapiga muziki usiku kucha, wakarudi nyumbani na jasho.

Daini arubuni ya nusu, ipokewe kwa M-Pesa siku tatu kabla, na injini isiwashwe kabla haijafika. Najua ugumu wake. Mwenye harusi ni binamu ya mpiga kinanda, na kumdai ndugu arubuni ni aibu. Mchagueni mmoja wenu awe msemaji wa pesa, na kwa kila kazi asiwe na udugu na mwenye shughuli. Akiwa nao, kazi hiyo ampe mwenzake.

Na tukishapata, tugawane vipi?

Gari ni mwanachama. Fanyeni mafungu tisa: saba ya watu, moja la gari, moja la vyombo. Fungu la gari lisiguswe kwa karo wala kwa ugonjwa, maana tairi likipasuka ni wote mtakaolala njiani. Kwa ugonjwa na misiba anzisheni mchango mwingine, nao ni wajibu.

Kuna tuzo pia. Huku kwetu mtu akiguswa na wimbo humwendea mwimbaji akamtunza noti mkononi au begani. Ni za nani? Tangu enzi za taarabu ya Mombasa, vikundi vimegombana kwa swali hili. Sisi tulikubaliana nusu ni ya aliyetunzwa, nusu ya kikundi, na hatujagombana. Nyinyi mnaweza kuamua vingine, mradi muamue kabla ya noti ya kwanza. Nyimbo mlizotunga wenyewe zisajilini kwa majina ya waliozitunga kweli, kila mmoja.

Shughuli ikiisha saa nane usiku, turudi au tulale?

Laleni.

Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro, gitaa lililosikika Afrika Mashariki yote, alifariki Januari 1979 kwa ajali ya gari Mombasa, akiwa hajafika miaka 35. Mimi humtaja kila dereva kijana anaponiambia hana usingizi. Mpiga muziki aliyetoka jukwaani huwa macho kwa saa moja, damu inachemka, anaongea, anacheka. Baada ya hapo usingizi humwangukia ghafla, na kwa kawaida humkuta barabarani, penye giza na ngamia. Katika mapatano yenu na mwenye shughuli, mahali pa kulala paandikwe kabla ya pesa. Mkeka na chandarua vinatosha. Chandarua msisahau, hasa karibu na mto. Nimeona ziara ikiishia hospitalini kwa malaria ya watu watatu.

Wapokomo, Waorma, Wagiriama, Wabajuni, sote tuko huku. Tupige nini ili tusimkwaze mtu?

Mmeuliza swali ambalo bendi za mjini hazijui kuliuliza.

Kuanzia Agosti 2012 hadi mwanzoni mwa 2013 watu zaidi ya 100 waliuawa Tana Delta, Wapokomo na Waorma, kwa ugomvi wa malisho, maji na ardhi, siasa ikitia kuni. Serikali iliweka amri ya kutotoka nje usiku. Kwa muda mrefu hapakuwa na harusi ya usiku, wala sababu ya mtu kubeba gitaa. Mlikuwa wadogo, lakini watu mtakaowapigia wanakumbuka, na baadhi yao walizika.

Basi kwanza, angalieni gari linaposimama. Malka, ile njia ya mifugo kwenda mtoni, si uwanja wa kufunga spika hata kama inaonekana tupu na tambarare. Jioni itajaa ng'ombe wenye kiu, na jenereta ikinguruma watatawanyika shambani kwa watu. Mtakuwa mmeanzisha jambo ambalo nyimbo haziwezi kulizima. Pili, fikeni mapema mkawaamkie wazee wa pande zote, hata aliyewaalika akiwa wa upande mmoja. Adhana ikianza, zimeni spika bila kungoja kuambiwa. Ramadhani tumieni kufanya mazoezi na kutengeneza gari.

Kuhusu nyimbo, jifunzeni angalau moja ya kila jirani, kutoka kwa mwenyewe. Nendeni mkamwombe mama wa Kiorma awafundishe, mkae chini, mkosee mbele yake, mrekebishwe. Siku mtakayouimba, watoto wake watajua mlikaa kwa mama yao.

Kuna mheshimiwa anataka tumfuate kwenye mikutano. Analipa vizuri.

Uchaguzi wa 2027 unakaribia, kwa hiyo ofa hizo zitaongezeka. Mjini, bendi ikipanda lori la mgombea, watu huisahau wiki ijayo. Delta haisahau. Gari lenu likionekana mara tatu katika msafara mmoja, litakuwa gari la upande huo miaka mitano, na kuna vijiji hamtaalikwa tena. Isitoshe, wanamuziki wengi wa Pwani wanadai pesa za kampeni ambazo hazikulipwa, nami ni mmoja wao. Tulipiga mikutano kumi na moja kwa ahadi, na kura zilipohesabiwa simu haikupokewa tena. Lililoniuma zaidi ya pesa ni wazee wa kijiji kimoja waliotuuliza tulikuwa tunamtumikia nani. Nilikosa jibu.

Mkilazimika, pigeni kwa malipo kamili ya mbele, mara moja, bila fulana, na mgombea mwingine akija apate bei ile ile.

Tukifika Malindi na Mombasa, watu watataka Bongo Flava na nyimbo za watalii. Za Kipokomo nani atazisikiliza?

Kila Mkenya aliyesimama wima uwanjani amekwisha kuzisikiliza. Wimbo wa Taifa, uliotayarishwa mwaka 1963, umejengwa juu ya wimbo ambao mama wa Kipokomo humbembelezea mtoto. Bibi zenu walikuwa wakiuimba kabla nchi haijapata bendera. Tume ya wanamuziki iliupata kwa kwenda kwa wenyewe, ikamsikiliza mzee wa Tana River, ikautambua.

Nawaambia na la uchungu. Ngadzi, ngoma kuu ya Wapokomo, ilichukuliwa na maafisa wa kikoloni mwanzoni mwa karne ya 20, na mpaka leo imehifadhiwa British Museum, London. Wazee wenu wanaidai. Mimi si Mpokomo, lakini kila ninapofunga ngoma kwenye gari baada ya shughuli naifikiria ile isiyorudi. Basi msizifiche zenu. Mombasa pigeni wanazozitaka kwa saa ya kwanza, maana mmelipwa kuwachezesha. Saa ya pili ingizeni tatu za nyumbani, kwa ngoma halisi, si za kinanda. Mzee Ngala wa Freretown aliuchukua mwendo wa Pwani akaupigia saksafoni, ukawa mtindo wa bango, na leo hakuna harusi ya Pwani isiyoujua. 

Mwimbaji wetu ni msichana wa miaka 20. Wazazi hawataki asafiri na wanaume sita.

Wana haki ya kuogopa. Msimtoroshe, na msimtume yeye mwenyewe akawabembeleze. Nendeni nyote sita, mkiwa na mtu mzima, mketi. Wapelekeni walione gari, wakae ndani. Waambieni mtalala wapi, mlango wake unafungwaje, fungu lake ni kiasi gani, na kwamba ni sawa na la mpiga gitaa. Akiwa na mtihani, ziara isogee.

Kisha ombeni mwanamke wa familia aandamane nanyi. Sisi tulimpata shangazi ya mwimbaji wetu. Alikuja mara ya kwanza kumlinda mpwawe, akakaa nasi miaka sita. Aligundua mapema kwamba hakuna mwenye shughuli anayethubutu kumzungusha mama mtu mzima aliyevaa buibui akiuliza kwa upole kama hesabu imekamilika. Tukamkabidhi daftari na kisanduku cha pesa. Alijua ni nani hajala, nani ana homa na anaficha, na dereva alipoanza kusinzia yeye ndiye aliyesema tusimame tunywe chai. Mkimpata wa namna hiyo, fanyeni mafungu yawe kumi, na kiti cha mbele kiwe chake.