Gari la Umeme Toka Dar: Tupige Hesabu Kwanza

Gari la umeme si habari ya kusimuliwa tu. Hapa Arusha baadhi ya kampuni za utalii zimetoa injini ya dizeli katika Land Cruiser na kuweka mota na betri. Tena yako magari madogo yaliyokwisha tumika, ambayo huja kwa meli toka Japani na kushushwa bandari ya Dar es Salaam. Sasa nani atalileta hilo gari huku Meru, na kwa njia gani?

Tuseme mama mkulima wa Usa River na mwanawe wamenunua Nissan Leaf kuukuu. Wameteremka Dar kwa basi, siku moja tu. Mama anataka kurudi na gari siku moja vilevile.

"Karatasi inasema betri ikijaa linakwenda kilomita 300."

"Lakini mama, karatasi hiyo ni ya gari jipya."

Mtoto kasema kweli. Betri ni kama ghala la mahindi, ila ghala hili hupungua ukubwa kila mwaka, na joto huliharakisha. Katika Leaf, mbele ya dereva, kuna mistari midogo 12 inayoonyesha ukubwa wa ghala lenyewe, siyo umeme uliomo leo. Mstari ukishatoka, hata ukichaji usiku kucha haurudi. Watu wengi huchanganya mambo haya mawili, na muuzaji mjanja hakusahihishi.

Umeme wa gari hupimwa kwa uniti, zilezile za LUKU. Tuseme betri ilikuwa ya uniti 40, sasa inapokea 30. Kwa mwendo wa taratibu, uniti 1 ni kama kilomita 6. Usizimalize zote, weka akiba ya 5. Zinabaki 25. Mara 6 ni kilomita 150. Dar hadi Usa River tuchukue kilomita 620. Basi hata wakitoka Dar betri imejaa, watachaji njiani mara 4.

Haya, na saa je? Soketi ya kawaida ya nyumbani huingiza kama uniti 2 kwa saa. Uniti 25 ni saa 12 na nusu. Kila kuchaji ni kulala! Safari ya siku moja imekuwa ya siku tano. Penye chaja ya haraka muda hupungua sana, ila piga simu kwanza uulize kama plagi yake inaingia katika gari lako. Kwenye gesti, patana na mwenyewe kabla ya kuchomeka, na umlipe uniti zake. Soketi iliyolegea au waya mwembamba hupata moto ukitumika saa nyingi, na nyumba huweza kuungua. Baada ya nusu saa gusa plagi. Ikiwa ya moto, zima swichi.

Tena kuna kupanda. Mji wa Arusha uko kama mita 1,400 juu ya bahari. Kulipandisha gari la tani 1 na nusu hadi huko hula karibu uniti 6 za ziada. Kwenye mteremko mota hurudisha kidogo katika betri, siyo zote.

Sisi tungemshauri mama aulize kwanza bei ya kulipakia kwenye lori. Ikizidi gharama ya kulala mara 4, chakula cha watu wawili na uniti 100, basi waendeshe polepole.

Zoezi la kikundi: Betri ya jirani inapokea uniti 20 tu. Akiba ni 5. Toka Dar hadi Usa River atachaji njiani mara ngapi?