Malalamiko ya Jirani kwa Habari ya Dawa ya Magugu Kando ya Mto

Ninyi walimu wa sharika, somo letu la mwezi huu ni la udongo na maji. Mjini Arusha mito ya Themi, Naura na Kijenge hupita katikati ya nyumba za watu. Kingoni mwake mmoja hulima mchicha, mwingine hufua nguo, na mwingine, akiona majani yamekuwa marefu na kuogopa nyoka, hununua dawa ya kuua magugu, hujaza bomba la mgongoni, hupuliza. Siku chache baadaye jirani yuko mlangoni mwa mzee wa usharika, naye amekasirika. Imetupasa kujua la kufanya.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Mwaka mmoja vijana walipuliza dawa katika kiwanja cha usharika niliokuwa nikiutumikia, upande wa chini karibu na kijito. Siku ya sita akaja bibi mmoja, amefunga mashina ya mchicha katika upindo wa kanga. Akasema, "Baba mchungaji, dawa yenu imekula mboga zangu." Nikamjibu pale pale, "Bibi, hilo ni jua tu," wala sikwenda kutazama. Nilipokwenda juma lililofuata, nikaona matuta yaliyo karibu nasi yamekufa, hata magugu yaliyomo, na ya mbali ni mazima. Jua halichagui upande. Tulimlipa, lakini alikaa muda mrefu bila kuniamkia, nami sikumlaumu.

Basi enendeni mahali penyewe siku ile ile, pamoja na mwenye kulalamika na aliyepuliza, nanyi msimhukumu mtu njiani. Leteni kopo la dawa, msome jina la kiini chake. Glifosati huingia kwa majani na kushuka mizizini. Mmea hugeuka manjano polepole, kwa muda wa juma moja au mawili. Dawa iitwayo 2,4-D hupotosha mashina ya mimea ya majani mapana, kama nyanya, na nyasi hubaki salama. Parakwati huunguza upesi. Madoa huonekana siku ile ile au kesho yake. Tena, madhara yaliyoletwa na upepo huwa makali upande lilikopita bomba, hupungua kadiri uendavyo mbali. Andikeni tarehe, saa, upepo ulikovuma, na kama mvua ilinyesha.

Malalamiko ya maji ni mazito kuliko ya mboga. Ni kweli glifosati hushikamana na udongo. Lakini mvua ikinyesha mara baada ya kupuliza, huichukua mpaka mtoni. Tena dawa nyingi za namna hiyo zimechanganywa na kitu kama sabuni ili zishike majani, nacho chaweza kudhuru samaki na viluwiluwi kuliko kiini chenyewe. Na majani mengi yakifia majini huoza, na huko kuoza hula oksijeni ya maji, samaki wakakosa pumzi. Kwa hiyo asemaye "dawa hii haiui samaki" hajajibu neno. Kisha kuna lile la kuosha bomba mtoni, ambalo kwangu ni baya kuliko yote. Kopo lisuuzwe mara tatu, maji hayo yarudishwe bombani, yapulizwe penye magugu yale yale. Kopo tupu lisitekewe maji kamwe. Themi huingia Kikuletwa, na Kikuletwa huingia bwawa la Nyumba ya Mungu, wanakovua watu wasiotujua.

Jirani akiogopa saratani, msimcheke. Mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, lililoko Lyon, liliiweka glifosati miongoni mwa vitu ambavyo pengine huleta saratani kwa wanadamu. Mwaka huo huo mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ikasema haielekei kuwa hivyo. Mwambieni yote mawili.

Sasa sheria. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 chakataza, ndani ya mita 60 kutoka mtoni, shughuli za kudumu na zile ziwezazo kudhuru hifadhi ya ukingo. Angalieni, mita hizo zilimhusu bibi yule na mchicha wake sawasawa na bomba letu. Nimesikia wazee wakiitaja sheria hii ili kumnyamazisha mlalamikaji. Hiyo si haki. Aliyepuliza ajibu kwanza kwa alilolifanya, ndipo pande zote mbili zizungumze juu ya ukingo.

Msipopatana, liko jambo la mwenyekiti wa mtaa na bwana shamba. Habari ya dawa yenyewe ipelekwe kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyo papa hapa Arusha. Habari ya mto, kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani. Lakini mtu akitapika au kuumwa macho baada ya kupuliza, hospitali kwanza, na kopo liende pamoja naye.

Kiwanjani petu ukingo ulifyekwa kwa fyekeo tangu mwaka ule, nyasi zikiachwa kimo cha kiganja ili udongo usichukuliwe na maji. Kazi ilitaka Jumamosi mbili, na vijana walinung'unika.