Joto Husukuma Pale Linapozuiwa

Chukua reli ya chuma ya mita 10, ilaze juu ya sakafu isiyo na msuguano, usiifunge popote. Jua liipandishe kutoka nyuzi 25 za Selsiasi hadi 55. Kwa kila nyuzi moja, chuma hurefuka karibu sehemu 12 kwa milioni ya urefu wake, hivyo reli itaongezeka milimita 3.6. Mkazo ndani yake ni sifuri.

Sasa ibane ncha zote mbili kabla ya jua kupanda. Safari hii urefu haubadiliki, ila reli inabaki imeshindiliwa kwa zile milimita 3.6 ilizonyimwa. Ugumu wa chuma ni kama gigapaskali 200. Zidisha kwa 0.00036, upate mkazo wa megapaskali 72. Kwa reli ya kilo 60 kwa mita, ambayo eneo lake la mkato ni karibu sentimita za mraba 77, huo ni msukumo wa kilonewtoni 550 hivi, sawa na uzito wa tani 56! Urefu haumo katika hesabu hiyo: reli ya kilomita nzima ingesukuma vilevile. Ndiyo sababu njia ya reli iliyolehemewa mfululizo, isiposhikwa barabara, hupinda kando siku ya joto kali.

Programu ya kompyuta inayogawa umbo katika vipande vidogo huifanyaje hesabu hii? Huuliza kila kipande kingerefuka kiasi gani kama kingekuwa huru, kisha huzisukuma nodi zake, yaani pointi zinazokiunganisha na vingine, nje kwa nguvu ambayo ingekirefusha kiasi hicho. Hutafuta nodi zimehamia wapi. Halafu, na hapa ndipo roho ya hesabu ilipo, hutoa ule urefukaji huru kutoka kwenye urefukaji uliopatikana. Kinachobaki tu ndicho huzaa mkazo. Kwa reli huru hakibaki kitu.

Kwa hiyo kuandika nyuzi 55 peke yake hakutoshi. Programu inahitaji pia halijoto ya kuanzia, ile ambayo kitu hakikuwa na mkazo. Ansys, mojawapo ya programu hizo, usipoiambia, huchukua nyuzi 22. Kama reli ilifungwa ikiwa na nyuzi 35, mkazo wa kweli ni megapaskali 48, lakini utasomewa 79, bila onyo lolote.

Mashikizo nayo yanataka uangalifu. Ukikaza uso mzima wa umbo ili lisielee, umeuzuia pia kutanuka kwa upana, na mkazo wa uongo utajaa pembeni. Shikilia pointi chache, kiasi cha kuzuia kuhama na kuzunguka tu. Kisha lipe umbo la chuma kitupu joto lililo sawa kila mahali: mkazo lazima uwe sifuri kote. Ukiona mkazo wa maana popote, kuna shikizo linalozuia kisichopaswa kuzuiwa. Litafute kabla ya kuendelea.